Siku Niliyosema Wamekubali

Wanangu mnaosomea lugha, mnaonijia hapa Msambweni na madaftari yenu mkitaka niwape siri za ukalimani, kaeni kitako. Kahawa ipo, kaimati zipo, na mimi siku hizi sina mkutano unaoningoja. Sauti tu ndizo hazijastaafu. Nikiegemea ukuta huu baada ya swala ya alasiri, macho yakianza kuwa mazito, husikia maprofesa wakizungumza kwa mbali, kila mmoja kwa lafudhi yake, na wote wanapita kooni mwangu kama maji ya mfereji. Nikishtuka, midomo yangu inacheza. Mjukuu wangu hudhani navuta uradi. Namwacha adhani hivyo, ni heshima kwangu.

Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha mbao chenye kioo mbele, nyuma kabisa ya ukumbi, katika hoteli za Diani ambako wasomi hukutana kuizungumzia dunia. Upande huu wa ukuta watalii wanaogelea. Upande wa pili watu waliosoma mpaka wakachoka wanaulizana nani ana haki ya kuiendesha bahari, na kwa nini mataifa makubwa huandika sheria ambazo mataifa madogo ndiyo huzifuata. Asubuhi nilikuwa profesa anayesema dola imechoka na zama zake zimepita. Adhuhuri, baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, nilikuwa profesa mwingine anayesema dola haijapata kuwa na nguvu kama leo. Wote wawili niliwasemea kwa moyo mmoja, na ushahidi wao, na hasira zao. Nikitoka nje, viatu mkononi, mchanga umepoa chini ya nyayo, sikujua mimi mwenyewe naamini lipi. Ilikuwa raha ya ajabu, kama kuamka usingizini ukakuta mkono wako bado umeshika kitu cha ndotoni.

Sikuanza humo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, na aliyenivuta ni jirani yetu, Mzee Mshamu, aliyekuwa mkalimani wa mahakama mpaka meno yakamtoka. Watafiti walipoanza kumiminika pwani na maswali yao, walimfuata yeye kwanza. Akawaambia masikio yake yamezeeka, wamchukue Mwanakombo, binti wa mwenziwe. Ndiye mimi. Kisha akanifundisha barazani kwake, miezi mitatu, kwa redio. Yeye anafungua taarifa ya habari ya Kiingereza, mimi naisema kwa Kiswahili nyuma ya mtangazaji, huku mkewe anakuna nazi na kunicheka.

"Usimkimbilie, mwanangu," akiniambia. "Mwache atangulie maneno manne, matano. Ukimkanyaga visigino mtaanguka nyote wawili."

Mengine aliyonifundisha yaandikeni, hayazeeki. Maji ya kunywa yasiwe baridi. Biriani isiliwe kabla ya kikao. Tarakimu ziandikwe papo hapo, kwa sababu kichwani hazikai. Jina la mgeni aulizwe mwenyewe mlangoni, kabla halijakuaibisha. Na bangili zivuliwe. Hilo sikuambiwa, nilijifunza. Katika kikao changu cha kwanza wajumbe walisikiliza habari za vita na amani ya ulimwengu pamoja na mlio wa bangili zangu sita, kana kwamba kuna harusi chumba cha pili.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha. Huko Mkwiro, kwenye kisiwa cha Wasini, mtafiti mmoja alitaka kuzungumza na kina mama kuhusu jinsi mataifa yanavyoshirikiana kuongoza mambo ya bahari. Mimi, kwa haraka, nikasema "utawala wa dunia." Bibi mmoja akaacha kusuka ukili wake.

"Dunia yote? Na nani atakayetawazwa?"

"Hatawazwi mtu, bibi."

"Basi itakuwa chafu hiyo dunia," akasema, na baraza zima likaangua kicheko, kwa sababu kwetu kutawazwa ni kwa mfalme na ni kwa mtoto mchanga anayeoshwa akijichafua. Mtafiti aliuliza wanacheka nini. Ilinichukua robo saa kumweleza. Tangu siku hiyo, kwenye daftari langu, mbele ya neno lile la Kiingereza la mtafiti niliandika: namna watu wengi wanavyoendesha jambo lao pamoja. Ni ndefu, inakutoa pumzi, lakini haijawahi kumchekesha mtu.

Kosa la Kibuyuni halikumchekesha mtu pia, na ndilo ninalotaka mlibebe.

Palikuwa na profesa mmoja, nitamwita Agnete. Mwanamke mrefu, mpole, wa nchi ya baridi, aliyetumia umri wake kuandika jinsi mataifa yanavyogawana bahari. Nilimpenda. Alikuwa akinitajia mapema maneno magumu atakayoyatumia, adabu ambayo wasomi wengi hawana. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria za bahari zitungwe kuanzia kijijini na kupanda juu, si kuteremshwa kutoka kwenye miji mikuu. Alitaka mfano wa kuionyesha dunia: ukanda mmoja wa bahari upumzishwe, pasipigwe kigingi, pasitupwe wavu, na watu wenyewe wa mahali hapo wawe ndio walioridhia.

Tulikwenda Kibuyuni. Kina mama walikuwa ndio kwanza wametoka majini kulima mwani, leso zimelowa, vidole vimekunjana kwa chumvi. Tukaketi ndani ya ghala lao, mwani mkavu umerundikwa hadi dirishani, harufu yake tamu na nzito inaleta usingizi. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Saumu binti Bakari, mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikia. Agnete alieleza nusu saa, nami nikamfuata nyuma. Ubaridi wa ghala, mawimbi ya mbali, sauti yake ndani ya sauti yangu. Yote yalikuwa yanaelea. Mwisho akauliza kama wangeweza kulikubali jambo lile.

Bi Saumu aliwatazama wenzake, akakaza leso yake kiunoni.

"Tumesikia, mwalimu. Mwambie tumesikia, na tunamshukuru kwa kuja. Inshallah kheri."

Ninyi ni watoto wa pwani, mnajua neno hilo. Tumesikia maana yake mlango haujafungwa na haujafunguliwa. Watu watakwenda makwao, waume wataambiwa, wazee wataulizwa, na mgeni atarudi siku nyingine na kuuliza tena. Nalijua hilo tangu nikinyonya. Lakini Agnete alikuwa amenikazia macho. Alikuwa amechoka, kalamu yake imesimama juu ya karatasi, na uso wake ulikuwa unaomba neno moja tu. Nikasema kwa Kiingereza, "Wamekubali, na wanakushukuru."

Niliiona kalamu ikishuka. Kisha tukaletewa madafu, tukanywa, tukaaga.

Miezi ikapita, sikulikumbuka hata kidogo. Halafu nikaletewa karatasi za mkutano mkubwa wa Diani, maana mkalimani hupewa hotuba mapema azisome. Zisomeni zote, wanangu, hata maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Nilikuwa uani asubuhi, nguo zimeanikwa, jua linapenya katikati ya kanga, nikafika kwenye hotuba ya Agnete na ramani ya Kibuyuni. Palichorwa mstari. Chini yake pameandikwa kwamba ukanda huo umetengwa kwa ridhaa ya kina mama wa kijiji. Mstari ulipita juu ya kamba zao za mwani zote, kutoka jiwe la kwanza mpaka mkondo wa maji makuu. Nguo zikaendelea kupepea. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake katika nchi asiyoijua.

Nilikwenda kwa Mzee Mshamu. Alikuwa hatoki kitandani tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuja na karatasi badala ya tende?"

Nikamsomea.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakunisimulia katika miezi yote ile mitatu. Zamani, katika mahakama moja ya huko bara, kwenye nchi kavu ya wafugaji, mzee mmoja alisimama kizimbani kwa ugomvi wa shamba. Akasema, "Nilimkuta shambani mwangu, nikamfukuza, hakusikia, nikamkata mguu." Mzee Mshamu akalitafsiri kwa Kiingereza kama alivyolisikia, na kwa Kiingereza aliyekatwa mguu akawa mtu. Hakimu akashtuka, akaamuru mzee arudishwe rumande. Alipokuwa akitolewa nje, mzee yule akawa analalama, "Kwani mbuzi wake hakupona?"

"Ilikuwa Ijumaa," Mzee Mshamu akasema. "Nilimsikia. Nilijua palepale. Nikaona haya kusimama mbele ya mawakili niseme sikuuliza kama ni mtu au mnyama. Nilisimama Jumatatu. Mzee akaachiliwa, akanipa mkono, akanishukuru. Siku zile mbili na nusu sijapata kumrudishia."

Nikamwuliza nifanye nini.

"Mkalimani hana sauti yake, hilo nilikufundisha mimi. Sasa nakwambia kwamba Jumatatu iko mbali sana."

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoka pale moja kwa moja nikampigia simu Agnete. Sikumpigia. Niliandika barua, nikaifuta. Nilijiambia labda kina mama walikwisha kubaliana baadaye, bila mimi. Nilijiambia nitamshika kando siku ya mkutano, wakati wa chai. Siku ikafika, chai ikafika, akawa amezungukwa na watu. Akanitupia tabasamu juu ya mabega yao, nami nikamrudishia tabasamu, nikaingia kibandani, nikafunga mlango.

Bi Saumu alikuwa amealikwa pamoja na wenzake wawili, wapigiwe makofi. Waliketi safu ya mbele, mabuibui mapya, visikilizio masikioni. Sauti waliyoisikia humo ndani ilikuwa yangu. Agnete alizungumza vizuri siku ile. Alisema dunia haina serikali moja na haitakuwa nayo, ina maafikiano tu, na maafikiano hayana nguvu kama hayakuanza kwa mtu mwenye miguu majini. Nikalisema hilo kwa Kiswahili, na wallahi lilikuwa zuri. Kisha akasema, "Na kina mama wa Kibuyuni, mbele yangu, walikubali." Nikalisema pia.

Kupitia kioo nilimwona Bi Saumu akikitoa kisikilizio. Akakitazama. Akakitikisa karibu na sikio, kama mtu anayetikisa saa iliyosimama, kisha akakirudisha. Nje ya madirisha bahari ilikuwa imelala, kijani, bila kunyanzi. Kila kitu kilikwenda polepole. Mkono wake ukapanda polepole.

"Samahani, Profesa. Nani alikubali?"

Nikatafsiri.

"Ninyi, Bi Saumu," Agnete akajibu kwa upole. "Mlikubali, nami niliandika."

Nikatafsiri na hilo. Fikirini, wanangu: kinywa changu mwenyewe ndicho kilichomwambia Saumu kwamba alikubali.

"Mimi nilisema tumesikia," akasema.

Hapo palikuwa na njia ya kupita, na niliiona. Ningeliweka neno lake katika Kiingereza safi, nikanyamaza. Ukumbi ungedhani mama huyu amegeuka. Wasomi wangeanza kujadili maana ya ridhaa, kwa maneno mazuri, mpaka saa ya chakula, na hakuna ambaye angetazama nyuma ya ukumbi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikaikumbuka Jumatatu.

"Hapa anayezungumza ni mkalimani," nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. "Neno walikubali halikutoka kwa Bi Saumu. Alisema wamesikia, na kwetu kusikia si kukubali. Nililigeuza mimi. Kosa ni langu."

Ukumbi mzima uligeuka kutazama kioo. Agnete alivua miwani.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu nilikuona umechoka, Profesa."

Mtu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

Mwenyekiti wa mkutano akatangaza mapumziko. Nilikuwa bado nimeshika meza mlango wa kibanda ulipofunguliwa. Alikuwa Bi Saumu, kisikilizio kikining'inia shingoni.

"Mwanakombo, wewe si mtu wa kwetu? Hukujua tumesikia ni nini?"

"Nilijua."

"Basi hilo ndilo linaloniuma," akasema. "Angekosea mgeni, ningemweleza." Akaenda zake kunywa chai.

Waandaaji hawakunifokea. Walinishukuru kwa ukweli wangu, kisha simu yangu ikanyamaza kwa zaidi ya miaka miwili. Mtu hapendi kumweka kibandani mkalimani ambaye siku yoyote anaweza kuanza kuzungumza. Nilirudi kufundisha watoto insha, hapa hapa kibarazani. Mzee Mshamu alifariki mwaka huohuo, Mungu amrehemu. Nilimsimulia yote kabla hajatutoka, na aliuliza tu, "Ilikuwa siku gani?" Nikamwambia Alhamisi. Akasema vizuri.

Agnete alilifuta lile neno kwenye maandishi yake. Akarudi Kibuyuni na mkalimani mwingine, kijana wa Ukunda, na safari hii Bi Saumu hakuwapokea ghalani. Aliwangoja maji yamekupwa kabisa, akawavua viatu wote, akawatembeza juu ya miamba, kamba kwa kamba, akiwatajia kila moja ni ya nani. Walirudi tena na tena. Mstari ukasogezwa kuelekea maji makuu. Kamba za Saumu zikabaki, na za wenzake wengi. Za dada yake, zilizokuwa mwisho kabisa, zilikwenda. Sasa anauza viazi karai kule Shimoni, na nikipita hunisalimia vizuri, nami hununua zaidi ya ninavyoweza kula. Siwezi kuwaambia yote yaliishia kheri. Sijui kama mstari ungechorwa vingine laiti ningesema sawasawa siku ya kwanza. Huwa nafikiri hivyo alasiri.

Agnete aliandika kitabu kingine, akaniletea nakala. Katika sura ya tatu yumo "mkalimani fulani." Wasomi wa nchi nyingi wamejadili kosa la huyo fulani, wengine wanamtetea, wengine wanasema ni dalili ya jinsi wenye uwezo wanavyosikia wanachotaka kusikia. Nilijisoma kama mtu anayesikiliza matanga yake mwenyewe. Baadhi ya hoja zilikuwa nzuri sana. Wengine walinipa akili nyingi kuliko niliyokuwa nayo siku ile.

Mmeniuliza kuhusu simu zenu hizi zinazotafsiri zenyewe. Sina ugomvi nazo. Zina haraka, hazili biriani, hazivai bangili. Ningetaka kujua tu, zikikosea, ni nani anayesimama.

Basi siku moja, nimekwisha kuzoea kimya, simu ikalia. Sauti ndogo, ikanibidi niinamishe kichwa kana kwamba yuko mbele yangu.

"Subalkheri, Mwanakombo. Saumu hapa. Nimeitwa Ulaya, kwenye mkutano wa mataifa wa habari za bahari. Wameniuliza mkalimani nimtakaye."

"Na ukawaambia nani?"

"Pasi yako ya kusafiria haijaisha muda?"

Ilikuwa imekwisha. Niliihuisha kwa mbio ambazo sikujua magoti yangu bado yanaziweza.

Ukumbi ule ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wa mpira, na juu, kuzunguka pande zote, palikuwa na vibanda vya wakalimani wa kila lugha, vimewaka taa kama nyumba za mtaa mmoja. Mimi nilipewa cha pembeni. Wakalimani wengine hawakukijua Kiswahili, kwa hiyo wangengoja Kiingereza changu, kisha kila mmoja angekichukua na kukipeleka kwao. Kama ningekosea hapo, ningekosea kwa lugha zote za dunia.

Saumu aliitwa jina. Akapanda, koti zito juu ya leso yake, akasimama mbele ya kipaza sauti. Hakusema kitu. Akawatazama watu safu kwa safu, bila haraka, kama anayehesabu kamba zake. Mimi nikanyamaza naye. Vibanda vyote vikanyamaza. Wajumbe wakaanza kubofya visikilizio vyao wakidhani vimeharibika, na fundi mitambo akaja mbio mlangoni kwangu. Nikamtikisia kichwa. Wakati ule hapakuwa na la kutafsiri, na sikuongeza hata kikohozi.

Kisha akainua kichwa, akatazama juu mpaka akakiona kibanda changu.

"Mimi ni Saumu binti Bakari, mkulima wa mwani, wa Kibuyuni," akasema. "Nitazungumza polepole. Yule mwenzangu kule juu aliwahi kunikosea neno moja, na leo nataka anipate yote."

Na hayo pia ilinibidi niyatafsiri. Nikafungua kipaza sauti, nikawaambia mataifa, kwa Kiingereza, kwamba mimi ni Saumu binti Bakari, kwamba nitazungumza polepole, kwa sababu yule mwenzangu kule juu aliwahi kunikosea. Lugha zote zikalipokea, moja baada ya moja. Watu wakageuka katika viti vyao, wakawa wanatafuta kwenye vibanda ni yupi. Nami, kinywa changu kikiendelea kuwa cha Saumu, nikainua mkono nikawaonyesha.